Msafiri na Msiba wa Nyumbani

Masomo: Matendo ya Mitume 11:19-30, 1 Wakorinto 16:1-4, 2 Wakorinto 8:1-21



Leo tunasema na wasafiri. Tunasema na dereva wa lori anayelala Kasumbalesa akingoja karatasi zake, na mama anayefuata vitenge Dar es Salaam, na mwanafunzi aliye Lusaka, na kijana aliyekwenda kutafuta maisha Ulaya. Tunasema pia na wengi kati yetu hapa komine ya Lubumbashi ambao kwao ni Goma, Bukavu, Kalemie au Mbuji-Mayi. Swali letu ni moja: msiba ukipiga nyumbani na wewe uko mbali, Mungu anataka ufanye nini?

Wengi wanajibu haraka: "Mimi niko mbali, nitaomba tu." Kuomba ni vizuri, tena ndiyo kazi ya kwanza. Lakini tufungue Matendo ya Mitume sura ya 11, tuone kama waamini wa kwanza waliishia hapo.

Tunakuta kanisa la Antiokia. Nani walilianzisha? Mstari wa 19 unatuambia: ni watu waliotawanyika kwa sababu ya mateso yaliyokuja wakati wa kifo cha Stefano. Walifika Antiokia wakiwa wageni. Wakahubiri, na Wayunani wakaamini. Kisha nabii Agabo akafika kutoka Yerusalema, akasema kwa nguvu ya Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Nayo ikaja kweli, siku za Klaudio, mfalme wa Roma.

Sasa angalieni vizuri. Msaada ulitakiwa kwenda Yudea, nchi ile ile ambako wenzao waliteswa na kufukuzwa. Hawakusema, "Kule walitufukuza, wajitegemee." Na wale Wayunani walioamini hawakuwa na shangazi wala mjomba Yudea. Hawakuuliza kabila. Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, wakapeleka kwa wazee wa kanisa kwa mikono ya Barnaba na Saulo.

Sisi wa Lubumbashi tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Mji wetu ulianza mwaka 1910, na waliochimba shaba yake na kujenga nyumba zake walitoka pande nyingi: Kasai, Rwanda, Burundi, na nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Wengi wetu babu zao walishuka hapa na mzigo mmoja mkononi. Tukisikia msiba wa Kivu au wa Kasai, nani kati yetu anaweza kusema "hao si watu wetu"?

Lakini upendo peke yake hautoshi kama hauna akili. Tunaona mambo matatu ambayo kanisa la Antiokia na mtume Paulo wanatufundisha.

La kwanza: sikiliza walio kule kabla ya kutuma kitu.

Tukumbuke Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto wake ukapita katikati ya mji, na watu mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakiingia Rwanda. Makambi yakatengenezwa upande ule. Lakini baada ya siku chache wengi walirudi Goma, mawe yakiwa bado na joto, maana huko ndiko kwao. Msaada ulilazimika kuwafuata.

Tena tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi, Nyiragongo ikapasuka. Safari hii moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku 5 baadaye wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wengine walivuka Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, wengi wakaenda Sake, karibu kilomita 25 kutoka Goma, wakapokelewa katika nyumba za watu, makanisa na shule. Tangi kubwa la maji na mabomba viliharibika, na watu karibu nusu milioni wakakosa maji safi.

Sasa fikirini msafiri aliye mbali ambaye amekusanya nguo na kuzituma Goma bila kuuliza. Mzigo unafika, na mtu wake yuko Sake, anatafuta maji na chumvi. Gunia la nguo kutoka hapa hadi Kivu linaweza kula usafiri kuliko bei ya nguo zenyewe. Kwa hiyo, kwanza piga simu. Uliza mzee wa kanisa, uliza mama anayepokea wageni nyumbani kwake: mko wapi, mnakosa nini, wangapi hawajaonekana? Usisambaze kila picha inayofika katika simu yako. Mara nyingi feza kidogo mkononi mwa anayepika sufuria kwa ajili ya wageni inafanya kazi kuliko mzigo mkubwa uliokwama njiani.

La pili: usingoje uwe tajiri, wala usitende peke yako.

Paulo anawaambia Wakorinto kila mtu aweke kitu pembeni siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa. Na Wamakedonia walikuwa maskini sana, hata hivyo waliomba wenyewe kwa bidii wapewe nafasi ya kusaidia. Kwa hiyo, wewe uliye ugenini, tafuta wawili watatu wa kwenu mahali ulipo. Madereva wanajuana kwenye maegesho. Wanafunzi wanajuana. Wafanya biashara wanalala nyumba moja ya wageni. Kaeni pamoja jioni moja, ombeni, fungueni daftari, kila mmoja aandike alichotoa. Msaada unaanza hivyo, hauhitaji ofisi wala bendera.

Tena usingoje volkano. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa iliangukia Kalehe, Kivu ya Kusini. Maji na udongo vikafunika Bushushu na Nyamukubi, na ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi wengine hawakuonekana tena. Mito haikuwapa nafasi ya kujitayarisha. Ndugu waliokuwa na kisanduku chao tayari waliweza kutuma kesho yake. Wasio nacho walianza kwa kutafuta nani ashike daftari.

La tatu, nalo ni zito: feza ya msiba ibebwe mchana, mbele ya macho ya watu.

Tuseme ukweli. Kuna ndugu wengi ambao mioyo yao imefungwa, si kwa sababu ya uchoyo. Wanasema: "Tulitoa kwa ajili ya wenye shida, hatukusikia tena. Makuta yalikwenda wapi?" Ndugu anayesema hivyo hana pepo la uasi. Anauliza swali ambalo Paulo mwenyewe alilijibu kabla ya kuulizwa. Katika 2 Wakorinto 8 anaeleza kwamba pamoja na Tito anatumwa ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu juu ya sadaka ile kubwa. Alitaka mambo yawe sawa mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Kama mtume, aliyeona maono na kufungwa kwa ajili ya Yesu, hakutaka kubeba feza peke yake, mchungaji wa leo ni nani hata akatae kuhesabiwa? Msafiri wa leo ni nani?

Basi, feza ya msiba ishikwe na watu wasiopungua wawili. Iandikwe iliyoingia, gharama ya kutuma, na jina la aliyeipokea kule. Aliyepokea atume ujumbe: tumepata kiasi hiki, tumenunua hiki. Ujumbe huo usomwe katika mkutano, mbele ya mjane aliyetoa franka 500. Barnaba na Saulo walimaliza kazi yao ndipo wakarudi. Sadaka haijaisha kazi mpaka habari yake irudi kwa waliotoa.

Ndugu wapenzi, katika Matendo 11:26 tunasoma kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo mara ya kwanza Antiokia. Mistari michache tu baadaye wanakusanya msaada kwa watu walio mbali. Jina lile na kazi ile vimekaa jirani katika Biblia. Visitengane kati yetu.

Tuombe. Bwana Yesu, uwakumbuke wote ambao nyumba zao zimechukuliwa na moto, maji na vita. Uwape wasafiri wetu masikio ya kusikia, mikono iliyofunguliwa na daftari safi. Utulinde na tamaa. Na sisi tulio hapa, utukumbushe kwamba babu zetu nao walifika wakiwa wageni. Kwa jina lako, Amina.