MAELEZO YA KITENGO CHA MBAO
Yaliyosomwa mbele ya wanakikundi na wageni siku ya kutimiza miaka kumi



Katika ratiba tumepewa robo saa. Mweka hazina amekwisha kusoma hesabu, hivyo sisi hatutarudia. Tutaeleza kazi yenyewe, na hasa ile kazi ya Katesh ambayo wengi wenu mmeisikia njiani na sokoni, kila mtu akiisimulia kwa namna yake. Leo isikieni kwetu sisi tulioiharibu na kuitengeneza.

Kwanza, tuliingiaje katika mambo ya mbao? Ni kwa sababu ya sanduku. Mtakumbuka sanduku letu la kwanza lilikuwa la mbao, lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na akina mama watatu wa nyumba tofauti. Tukaona usalama umekamilika. Kumbe mchwa hawahitaji funguo! Sanduku lilikaa juu ya sakafu ya udongo masika yote, na siku tulipolinyanyua, kitako chake kilibaki chini. Daftari mbili zililiwa nusu. Fedha zilipona kwa kuwa zilikuwa ndani ya kopo la maziwa.

Fundi seremala wa hapa Dongobesh alitutengenezea kitako kipya, lakini hakutaka tukae tu tukimtazama. Alitupa msasa akasema, "Pigeni wenyewe." Alituonyesha kufuata mishipa ya mbao badala ya kuikata, kupaka mafuta, na kuinua sanduku juu ya mawe ili hewa ipite chini. Mwalimu mmoja aliona sanduku limependeza, akatuletea mabenchi. Baada ya mabenchi ilikuja milango, kisha meza za mgahawa. Mwaka wa tatu kikundi kikaturuhusu saba tuwe kitengo, tuchukue kazi na kurudisha sehemu ya mapato kwenye mfuko. Hapo tukaanza kujiona mafundi.

Sasa Katesh. Mwaka 2019 tulipata kandarasi katika nyumba ya wageni, mahali wanapolala baadhi ya watu wanaokuja kupanda Mlima Hanang. Nyumba ile ina baraza kubwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, haina paa, jua lake na mvua yake. Mbao nyingine ni za mkaratusi, nyingine za paini. Mwenye nyumba alituambia, "Nataka deki yangu iwe kama mpya." Mwenzetu mmoja akamjibu kwa heshima kabisa, "Mama, kupiga deki ni dakika ishirini, mbona umetuita saba?" Tulicheka wote, hata yeye. Kumbe baraza ya namna ile ndiyo wageni wanaiita deki. Nasi huku bara neno hilo tunalijua kwa ndoo na tambara, ingawa lenyewe latoka melini.

Mbao zilikuwa zimegeuka rangi ya jivu. Hiyo ni kazi ya jua, linachoma uso wa mbao mpaka nyuzi za juu zinalegea. Palikuwa na kuvu cheusi upande wa kivulini, na katikati ya mbao na mbao pamejaa udongo na majani. Tuliosha kwa sabuni ya unga na magadi, tukasugua kwa brashi ya waya, tukamwaga maji mengi. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano, asubuhi zina baridi na umande. Mwenye nyumba alikuwa na wageni wa mwezi wa sita, naye alitaka tumalize. Tulingoja siku mbili. Tukapitisha kiganja juu ya mbao, tukasema zimekauka, tukapaka vanishi mikono mitatu. Jamani, iling'aa! Tulipiga picha, tukalipwa nusu, tukarudi na basi la asubuhi tukiimba.

Mwezi wa nane simu ikaja. "Njooni muone." Tulikwenda wawili. Vanishi ilikuwa imevimba malengelenge kama mkono ulioungua, ukigusa inabanduka ganda zima. Chini yake mbao mbichi, na madoa meusi kila mahali. Yale madoa yalikuwa ya brashi yetu ya waya. Inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya mbao, na maji ya mkaratusi yakikutana na chuma huwa meusi kama wino. Mwenye nyumba hakututukana. Alisema tu kwamba nusu ya pili hatailipa, na alikuwa na haki.

Hapa ndipo penye maneno mengi, tuyaseme. Tulileta jambo hili kwenye mkutano wa kikundi, tukaomba fedha za mfuko tukaifanye upya kazi. Wapo waliosema tuachane nayo, karatasi ya makubaliano haikutaja lolote juu ya kuharibika. Wapo waliosema jina la kikundi liko pale Katesh, halirudi kwa basi. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mkopo wa ada ya sekondari akasimama. Alisema, "Ninyi mlikosea saba. Sasa mnataka ada ya mwanangu ikapake baraza ya mwenye gari?" Tulinyamaza. Tulikasirika pia, tusidanganyane, na mmoja wetu alitoka kitengoni siku ile ile. Lakini yule mama alisema kweli. Fedha zile zilikuwa za watu waliokuwa wakisubiri zamu yao, si za kufunika makosa ya kitengo.

Ikaamuliwa hivi: tuliobaki sita tukope kila mmoja kwa jina lake, kwa riba ile ile ya kila mwanachama, na dhamana ile ile. Wa ada akapewa kwanza.

Kabla ya kurudi Katesh tulimtafuta mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Tanga kwenye vyombo vya baharini. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza wenzetu wa pwani wanavyotunza mbao inayokaa majini kila siku. Katikati ya mbao wanapiga kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta. Ubavuni wanapaka sifa, mafuta ya papa, yananuka lakini yanazama ndani. Chini wanapaka shahamu na chokaa. Akasema, "Ninyi mmeivalisha mbao koti la mvua ikiwa imelowa ndani. Maji yatatokea wapi?" Sakafu ya kukanyagwa, inayopigwa na jua na mvua, inahitaji mafuta ya kuingia ndani. Vanishi inakaa juu kama ngozi, na ngozi ikipasuka mahali pamoja tu maji yanapita, yanabaki chini yake.

Tulirudi mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi hasa. Kubandua ile vanishi yetu kulituchukua siku nyingi kuliko kazi yote ya kwanza. Tulikwangua, tukapiga msasa mnene kisha mwembamba, magoti yakavimba. Brashi ya waya tuliiacha nyumbani, tukatumia brashi ya katani. Madoa meusi tuliyasugua kwa maji ya limau na kuosha, mengi yalififia, mengine yapo mpaka leo. Magadi tulitumia kidogo na kusuuza mara tatu, kwa sababu yakibaki yanaiunguza mbao na kuitia weusi. Tulitoa uchafu katikati ya mbao kwa kisu chembamba, maana pale udongo unapokaa ndipo unyevu unapolala. Mbao tatu zilikuwa zimeoza kabisa, zote chini ya vyungu vya maua. Tulimshauri mwenye nyumba vyungu viwekewe miguu.

Halafu tukangoja. Siku kumi za jua, bila kupaka chochote. Mwenye nyumba alituona wavivu. Kipimo chetu ni tone la maji: ukidondosha juu ya mbao iliyosafishwa vizuri na kukauka, linanywewa upesi. Likikaa juu linakutazama, ama mbao bado ina maji au ina vanishi ya zamani, na mafuta hayataingia. Lakini tone linapima uso tu, kwa hiyo siku za kungoja hazipunguzwi kwa ajili yake.

Tulipaka mafuta ya kitani yaliyopikwa, mkono wa kwanza tukiyalainisha kwa tapentaini yazame zaidi. Miisho ya mbao tuliipa mara mbili, maana mwisho wa mbao unakunywa maji kuliko ubavu. Baada ya robo saa unafuta yaliyobaki juu, ukiyaacha yanakuwa gundi na viatu vinanata. Kazi ilianza umande ukikauka na kusimama kabla jua halijawa kali na upepo haujaleta vumbi. Katesh kiangazi, ukipaka mchana unapaka mafuta na vumbi pamoja.

Jambo moja tunaomba mlichukue mpaka nyumbani. Yale matambara ya kufutia tuliyarundika kwenye ndoo ndani ya stoo. Usiku harufu ya kuungua ikatuamsha, tukakuta ndoo inatoa moshi bila mtu kuwasha chochote. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na matambara yakirundikwa joto halina pa kutokea, yanashika moto yenyewe. Siku hizi tunayatandaza nje moja moja mpaka yakauke, au tunayatia kwenye kopo lenye maji na mfuniko.

Mnatuuliza mara nyingi kwa nini hatutumii oili chafu ya magari, ambayo ni ya bure na mnaipaka nguzo za uzio. Kwenye uzio ni hiari yenu. Pale mtoto anapotambaa au mtu anapokaa na nguo yake, hapana. Ina uchafu wa injini ndani yake, inapaka mwili, inaingia udongoni, na baadaye huwezi kupaka kitu kingine kikashika. Wazee wetu katika tembe hawakuwa na oili wala vanishi, nguzo zao zilikaushwa na moshi wa jikoni kila siku na wadudu wakazikimbia. Bahati mbaya hatuwezi kumshauri mwenye hoteli awashe kuni chini ya baraza.

Nusu ya pili tulilipwa, lakini haikutosha mikopo yetu. Tukategemea kazi nyingine za hoteli mwaka 2020, ikaja korona, wageni wakakatika. Tulimaliza madeni kwa vitunguu saumu. Waliolima nasi wanajua.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Hatuna maneno ya hilo. Tulikwenda baadaye, bila malipo, kusafisha milango, vitanda na mabenchi yaliyofukuliwa. Tulijifunza kuosha tope likiwa bado bichi, na kukausha mbao kivulini zikitenganishwa kwa vijiti. Zile zilizoanikwa juani siku ya kwanza zilipinda na kupasuka. Mlango mmoja mwenyewe alisema hautaki tena, lakini aliuchukua.

Ile baraza ya kwanza ipo. Kila mwaka kabla ya vuli tunakwenda kuiosha na kuipa mafuta mkono mmoja, siku nne zinatosha. Mwaka huu ngazi zinahitaji mbao mpya mbili. Mwenzetu aliyetoka alirudi kitengoni mwaka juzi. Na yule mama wa ada, ambaye mwanawe alikwisha kumaliza kidato cha nne, ndiye anayeshika daftari letu la kazi. Haandiki malipo ya mtu mpaka aulize mbao zilianikwa siku ngapi, na ukisema mbili anafunga daftari.