Damu na Nasaba: Kazi ya Profesa Hermann Lehmann



Posa inapopelekwa, wazee huuliza nasaba: huyu ni mwana wa nani, na ukoo wake ni upi. Hiyo ni desturi njema. Lakini liko swali jingine la damu ambalo wazazi wengi hawaliulizi, na gharama yake huja kulipwa na mtoto. Miongoni mwa waliolifumbua swali hilo katika nchi hizi ni bingwa wa bayokemia, yaani elimu ya kemia ya mwili, aitwaye Hermann Lehmann.

Bwana huyo alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1910. Alisomea udaktari, lakini kwa kuwa asili yake ilikuwa ya Kiyahudi, utawala wa Hitler ulimfungia mlango, akaipata shahada yake Basel, Uswisi, mwaka 1934. Mwaka 1936 alihamia Cambridge, Uingereza. Wakati wa vita alitumikia jeshi akiwa daktari huko India, akachunguza maradhi ya upungufu wa damu. Hivyo mtu aliyetengwa kwao kwa ajili ya damu ya wazee wake ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa elimu ya damu.

Vita vilipokwisha alikuja Makerere, Uganda. Yeye na Dokta Alan Raper walipima damu za watu wa makabila mbalimbali wakitafuta selimundu, yaani chembe nyekundu zinazopinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 walitangaza kuwa makabila yametofautiana mno. Miongoni mwa Waamba, walio chini ya milima ya Ruwenzori, watu wapatao 45 katika kila 100 walikuwa na alama hiyo, na katika makabila mengine wachache tu.

Kwanza ilidhaniwa kuwa hesabu hizo zingeweza kuonyesha undugu wa makabila. Lakini mwaka 1954 Dokta Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha sababu nyingine. Alipopima watoto karibu na Kampala, wenye alama ya selimundu waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa kama 28 katika 100; wasio nayo walikuwa kama 46. Mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani. Basi iliyoizidisha alama ile ni malaria, wala haina uhusiano na ubora au unyonge wa kabila lolote.

Mwaka 1955 Lehmann na Derek Roberts walichapisha uchunguzi wa damu za watu wa Sudan ya Kusini. Miongoni mwa watu wa Mto Nile selimundu ilikuwa adimu, ingawa mbu ni wengi. Hapo pana fundisho: mbu peke yake hatoshi, alama hiyo lazima kwanza ifike kwa njia ya uzazi. Na Juba ya leo ni mji wa watu waliotoka pande nyingi, Darfur, Kordofan, Uganda na Kongo, nao huoana. Hakuna awezaye kuitazama sura ya mtu akajua damu yake.

Lehmann hakuishia hapo. Mwaka 1956, pamoja na mwenzake, alionyesha kuwa koo nyingine hurithi upungufu wa kimeng'enya kinachovunja dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, hata mgonjwa akakawia kurudishiwa pumzi yake. Mwaka 1967 akawa profesa Cambridge, na maabara yake ikapokea damu kutoka pembe zote za dunia. Alifariki mwaka 1985.

Hesabu iliyo muhimu kwa wazazi ni hii. Mwenye alama kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi salama, pengine bila kujijua. Lakini wakioana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa: mwenye maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu usiokwisha. Mtoto huyo hakurogwa, wala mama yake hana kosa. Amepokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama.

Saudi Arabia iliwajibisha wachumba kupimwa damu kabla ya nikaha tangu mwaka 2004. Kipimo hakivunji posa. Huwapa wawili ujuzi, nao huamua wakiwa macho wazi. Basi wazee wanapouliza nasaba, na waulize na kipimo pia. Na mtoto akizaliwa na maradhi haya, apelekwe hospitali mapema, asifichwe nyumbani kwa aibu.

Mwenyezi Mungu awajaalie vizazi vyenye afya.