Chakula cha Jumapili katika Pabu ya Kijijini

Leo nataka kuwasimulieni habari za mlo mmoja nilioula Uingereza, siku ya Jumapili, katika kijiji kidogo cha jimbo la Yorkshire. Yamkini mtu atasema, "Mlo ni mlo tu, una habari gani hata uletwe redioni?" Namwomba anistahimilie kidogo, kwa maana nyumba niliyokula ilikuwa imekwisha kufungwa, na watu waliokula pamoja nami siku ile ndio walioifungua tena kwa fedha zao wenyewe.

Nyumba za namna hii Waingereza huziita pabu. Neno hilo ni ufupisho wa maneno mawili ambayo maana yake ni nyumba ya umma, nalo ni jina la haki, kwa kuwa mtu ye yote mwenye adabu aweza kuingia bila kualikwa, bwana mwenye shamba na mchunga kondoo wake. Hapo kale nyumba hizo ziliuza pombe, na nyingine zilimlaza msafiri na farasi wake. Nje huning'inizwa kibao chenye picha. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru wauza pombe wa London waweke alama mbele ya nyumba zao, na kwa vile watu wengi wa zamani zile hawakujua kusoma, picha ilifaa kuliko maandishi. Hata leo utaona simba mwekundu, au taji, au jembe, au mti wa mwaloni. Mwaloni huo una kisa chake. Mwaka 1651 Mfalme Charles wa Pili alishindwa vitani huko Worcester, akakimbia, akajificha juu ya mwaloni mahali paitwapo Boscobel, na askari wa adui wakimtafuta msituni. Aliporudishiwa ufalme mwaka 1660, pabu nyingi zikapewa jina la Mwaloni wa Kifalme.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu. Alinipitia saa sita u nusu, tukaenda kwa miguu katika manyunyu ya mvua. Mlango wa nyumba ile ni mfupi, hata nililazimika kuinama. Ndani niliona boriti nyeusi za zamani, sakafu ya mawe, na moto wa kuni ukiwaka katika meko makubwa. Mbele ya moto walilala mbwa wawili, wala hapana mtu aliyewajali. Mimi niliyelelewa pwani sikupenda kuketi karibu nao. Mzee alitambua bila kuambiwa, akachagua meza ya dirishani.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliketi, nikangoja mtumishi aje kuniuliza nitakacho. Nikangoja, nikangoja. Mzee akanitazama akitabasamu, kisha akasema, "Bwana, hapa ukingoja utangoja hata Krismasi." Kumbe katika pabu nyingi mtu huenda mwenyewe kwenye kaunta, akaagiza, akalipa papo hapo, kisha akarudi mezani kungoja chakula. Na penye kaunta hakuna mstari. Watu husimama kama waliotawanyika tu, walakini kila mmoja ajua ni nani aliyemtangulia. Mwuzaji akimwuliza mtu kabla ya zamu yake, mtu huyo husema, "Bibi huyu alinitangulia." Kupunga mkono, au kugonga kaunta kwa fedha, ni ukosefu mkubwa wa adabu.

Desturi nyingine ni ya kununuliana. Watu wanne wakiingia pamoja, mmoja huwanunulia wote, na bilauri zikiisha wa pili naye hununua, hata zamu ifike mwisho. Mtu anywaye kwa fedha za wenziwe, kisha zamu yake ifikapo akakumbuka ana kazi nyumbani, jina lake huharibika kijiji kizima. Mimi situmii kileo, nikaomba maji ya matofaa. Mzee alichukua painti moja ya bia, ambayo ni mililita 568, akainywa polepole muda wote wa chakula. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sinywi, na meza ya pili walikuwapo wenyeji wanywao chai.

Sasa chakula chenyewe. Jumapili kipo kimoja kinachotakiwa kuliko vyote, nacho ni nyama iliyookwa. Yangu ilikuwa ya ng'ombe, imekatwa vipande vyembamba, na katikati bado ina wekundu kidogo. Pamoja nayo viliwekwa viazi vilivyookwa katika mafuta hata vikawa na ganda gumu, tena karoti, njegere na kabichi. Juu yake hutiwa mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, uliotokana na maji ya nyama ile ile. Pembeni huwa kijiko cha mzizi mkali uliokunwa, ambao si kama pilipili yetu. Pilipili huuma ulimi, bali mzizi huu hupanda puani hata macho yakatoka machozi. Zaidi ya huo hapakuwa na kiungo cho chote. Sitaficha kwamba matonge ya kwanza niliyaona yamepooza. Nilipofika katikati ya sahani nikafahamu kuwa mpishi yule hataki kuificha nyama, ataka ujue kwamba ni nyama nzuri.

Kilichonishangaza zaidi ni kitu mfano wa andazi kubwa lililo wazi juu kama bakuli, na ndani yake limejaa mchuzi. Hiyo ndiyo pudini ya Yorkshire, wala si tamu. Hutengenezwa kwa unga wa ngano, mayai na maziwa, vikakorogwa kama uji mwepesi, vikamiminwa katika mafuta yaliyopata moto sana, na kutiwa katika tanuri. Mafuta yasipokuwa ya moto, haliumuki. Ukifungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, huanguka likawa kama kofia iliyokaliwa. Mwanamke mmoja jina lake Hannah Glasse aliandika namna ya kulipika katika kitabu chake cha mwaka 1747. Mzee aliniambia kwamba nyumbani kwa bibi yake watoto walipewa pudini kwanza, pamoja na mchuzi, nyama isiletwe bado. Walipokwisha kushiba unga, nyama kidogo ikatosha watu wote. Nilicheka sana, maana nawajua akina mama wengi wa kwetu wenye hila hiyo hiyo.

Nikamwuliza habari za kufungwa kwa nyumba ile. Akaniambia kwamba jambo halikuja siku moja. Zamani mashamba ya kijiji yaliajiri watu wengi, nao jioni walikuja kunywa. Mashine zikachukua kazi zao. Mwaka 1967 ikatungwa sheria ya kupima pumzi za waendeshao motokaa, nayo ni sheria njema iliyookoa roho za watu, lakini pabu iliyo mbali na mji ilipoteza wanywaji. Maduka makubwa yakauza bia kwa bei nafuu. Mwaka 2007 uvutaji wa tumbaku ukakatazwa ndani ya nyumba hizi. Ndipo pabu za mashambani zilipojifunza kutafuta riziki jikoni kuliko mapipani. Hapo kwanza ziliuza mkate, jibini na vitunguu vya siki, na leo watu hutoka mjini kwa motokaa kwa ajili ya chakula tu. Kisha ugonjwa wa korona ukaingia. Tarehe 20 Machi 2020 serikali iliamuru pabu zote zifungwe, na za Uingereza hazikufunguliwa hata tarehe 4 Julai. Mwenye nyumba hii alichoka, akataka kuiuza, na aliyekuja kuinunua alitaka kuifanya makao yake.

Sheria ya mwaka 2011 iliwapa wanakijiji nafasi. Wakiisha kuiandikisha nyumba katika halmashauri kuwa ni mali yenye faida kwa wote, mwenyewe akitaka kuiuza walipewa wao miezi sita ya kutafuta fedha. Haikumlazimisha kuwauzia, iliwapa muda tu. Basi wakakutana, wakaanzisha chama cha ushirika. Walikuwa na mfano mbele yao, kwa kuwa watu wa Hesket Newmarket, huko Cumbria, walikwisha kuinunua pabu yao kwa njia hiyo mwaka 2003. Kila mtu hununua hisa kadiri awezavyo, lakini mwenye nyingi na mwenye chache, kila mmoja ana kura moja. Wasikilizaji wa Kilimanjaro na Bukoba, mliozoea ushirika wa kahawa, hamna haja ya kufafanuliwa.

Si wote waliokubali. Wako waliosema ni upuzi kununua nyumba iliyomshinda mwenyewe. Mzee akaninong'oneza kwamba mmoja wa hao ndiye aliyekuwa meza ya tatu, akila pudini yake ya pili.

"Nawe ulitoa kiasi gani?" nikamwuliza. Hakunitajia. Aliniambia tu kwamba zilikuwa fedha alizoweka kwa kutengeneza paa la nyumba yake.

"Na paa?"

"Lavuja," akasema. "Nimeweka ndoo."

Nilinyamaza, nikidhani nimemwudhi. Akageuza bilauri yake mezani, kisha akasema, "Mke wangu alifariki mwaka ule wa korona. Siku sita nala peke yangu, Bwana, na redio ndiyo mwenzangu. Siku ya saba nala hapa."

Tukaletewa matofaa yaliyookwa ndani ya unga, yamemiminiwa maziwa mazito ya mayai yenye moto, nasi tukala bila maneno mengi. Saa tisa watu wakaanza kuondoka, kila mmoja akimwaga mzee kwa jina lake. Nami nikachukua koti langu. Mzee akaniambia nisiharakishe, akavua lake, akakunja mikono ya shati. Chama chao hakina fedha za kuajiri watu wengi, na Jumapili ile ilikuwa zamu yake kuosha vyombo. Nikamfuata jikoni, nikapewa kitambaa, nikakausha sahani hata zikaisha.