Maumivu ya Tumbo Yana Kazi Yake



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo nataka tuzungumze juu ya tumbo. Wengi wetu likiuma tunataka jambo moja tu, linyamaze. Lakini je, maumivu yale ni adui?

Tuanze na futari. Unachovya bajia kwenye pilipili ya ukwaju, mara ulimi unawaka na pua inachuruzika. Hakuna moto pale. Pilipili ina kitu kinachoitwa kapsaisini, ambacho hufungua mlango fulani kwenye neva, mlango ule ule unaofunguliwa na joto kali. Mwanasayansi David Julius wa Marekani na wenzake waliutambua mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakatunukiwa Nobel.

Basi neva kama hizo zimo pia ndani ya utumbo. Kazi yake si kupeleka habari kwenye ubongo tu. Ncha zake humwaga kemikali pale pale utumboni. Kemikali hizo zaweza kutanua mishipa ya damu, maji yakavuja na sehemu ile ikavimba. Ndiyo maana neva hizi zilionekana kuwa wachochezi.

Lakini mwaka 2022, watafiti wa Harvard waliangalia panya walioondolewa neva hizo. Ungedhani wangepata nafuu. Wapi! Ute unaofunika ukuta wa utumbo ulipungua, na utumbo ulipochokozwa, wakaumia zaidi kuliko wenzao. Kumbe neva hizo huziamuru seli zitoe ute, na ute ndio ua unaotenganisha ukuta wa utumbo na bakteria. Mlinzi akiondoka, ua unadhoofika.

Sasa tusikosee. Hao ni panya. Sisemi pilipili ni dawa. Mwenye vidonda vya tumbo yaweza kumzidishia maumivu.

Ninalosema ni hili. Kuna kijana anayeumwa tumbo kila siku, na adhana ya magharibi ikilia anameza tembe za maumivu juu ya tumbo tupu. Tembe kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na zaweza kuleta vidonda na kutoka damu. Hapo umemziba mlinzi mdomo, na ua umeubomoa kwa mkono wako.

Ukiona choo cheusi kama lami, damu kwenye choo au matapishi, unakonda bila sababu, au maumivu yanakuamsha usiku, usingoje Idi. Nenda hospitali. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, basi usione haya kuitumia ruhusa hiyo.

Mlinzi akipiga kelele, kwanza tuulize ameona nini.