Daktari wa Watoto Anapotazama Simu



Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa kali huumia moyo anapomwona daktari ameinamia simu. Wapo wanaonong'ona kwamba daktari huyo hajui kazi, na wapo wanaomchukua mtoto na kuondoka naye kabla hajatibiwa. Lalamiko hilo lastahili jibu.

Daktari haandiki "homa ya mtoto" na kuridhika na lolote litakalojitokeza. Huunda swali lenye mipaka: mtoto wa umri huu, mwenye dalili hizi, akipewa tiba hii badala ya ile, ni ipi itakayomponya? Swali hilo hulipeleka PubMed, hazina ya muhtasari wa tafiti za tiba iliyo wazi kwa watu wote tangu mwaka 1997, au hupitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zipate kusoma majarida ambayo kwingineko hulipiwa fedha nyingi.

Mfano wake haupo mbali. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki sawasawa, aongezewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti uitwao FEAST uliipima desturi hiyo kwa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa Tanzania, wilayani Muheza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika saa 48 za mwanzo, walifariki watoto wapatao 7 katika kila 100 wasiopewa maji ya haraka. Kwa waliopewa, walizidi 10. Aliyehitimu kabla ya mwaka huo, asisome tena, angeendelea kuwadhuru watoto kwa nia njema kabisa.

Hata hivyo kusoma kichwa cha habari tu nako ni hatari. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika utafiti huo. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji, na daktari anayesoma kwa pupa aweza kumnyima. Ndiyo maana macho hukaa kwenye simu muda mrefu kuliko mzazi apendavyo. Na mtandao wa huku wilayani, kama ijulikanavyo, hauna haraka.

Mtoto anayedegedega au anayeshindwa kupumua huhudumiwa kwanza, simu husubiri. Baada ya hapo mzazi ana haki ya kumuuliza daktari amesoma nini, naye aeleze kwa lugha inayoeleweka.

Yapo pia ambayo hayapatikani katika intaneti yoyote: mtoto alikojoa lini, alipewa dawa gani usiku, na kiasi gani. Mzazi aje na kadi ya kliniki na pakiti za dawa, na mitishamba aitaje bila kuogopa kukaripiwa.