Watoto Wachanga wa Chini ya Kilo Moja na Nusu

Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,500 huhesabiwa kuwa na uzito mdogo sana, na mara nyingi ni njiti. 

Shida ya kwanza ni pumzi. Mapafu machanga hayana safaktanti ya kutosha, ute unaozuia vifuko vya hewa kusinyaa. Mtoto huwekewa mipira midogo puani inayosukuma hewa mfululizo. Akizidiwa, safaktanti hutiwa mapafuni moja kwa moja. Kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa, humzuia asikatize kupumua.

Tumbo nalo halijakomaa. Maziwa ya mama, kuanzia dang'a, hupitishwa kwenye mrija mwembamba kidogo kidogo, na hupunguza hatari ya utumbo kuoza, ugonjwa unaoua haraka.

Kuhusu joto, inkubeta si kila kitu. Utafiti wa nchi tano uliotolewa mwaka 2021, Tanzania ikiwamo, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi 1.8. Waliowekwa kifuani ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa kwa robo pungufu kuliko wenzao. Mama akiwa hajiwezi, baba au bibi humbeba mtoto vilevile.