Simulia Kisa cha Jirani Yako

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashushwa taratibu.)

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo majirani wengi hapa wameamua kulinyamazia.

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, mapigano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu yaliua zaidi ya watu 100. Polisi walikufa. Walinzi wa kifalme walikufa, na watu waliokuwa ndani ya kasri pia. Mfalme Charles Wesley Mumbere alikamatwa, akarudi Kasese Oktoba 2023 baada ya mashtaka kufutwa.

Mfalme amerudi, lakini majirani wengine bado hawajarudiana. Mmoja anasema, "Ufalme ndio uliotuletea vifo." Mwingine anasema, "Serikali ndiyo iliyotuua." Ukishajulikana uko upande gani, hakuna anayekuuliza tena lililokupata. Mnakutana msibani, mnasalimiana, kila mmoja anakaa na watu wake. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Tunakuomba ujaribu jambo moja. Usianze kwa kumshawishi jirani yako. Jifunze kwanza kusimulia kisa chake, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, ndivyo ilivyokuwa kwangu."

Tuchukue mfano. Mama mmoja alifiwa na mume aliyekuwa polisi. Mwenzake alifiwa na mwana aliyekuwa kasri. Wa kwanza anaeleza jinsi alivyopata habari, na alivyowajibu watoto walipouliza baba yuko wapi. Wa pili hamkatizi. Akimaliza, anamwambia, "Mama, nimesikia kwamba mumeo alikwenda kazini kama siku zote, nawe hukupata hata nafasi ya kumuaga. Nimesikia vizuri?" Kisha wanabadilishana zamu. Hakuna aliyebadili msimamo. Ila sasa kila mmoja anajua kwamba nyuma ya maneno ya mwenzake kuna mtu aliyezikwa.

Zingatia mambo matatu. Zungumzeni wawili au watatu, si mbele ya umati, kwa maana mbele ya umati kila mtu hutetea watu wake. Sema yaliyokupata wewe, si "ninyi mko hivi". Na ukisikia neno la kuchoma, uliza maana yake kabla ya kujibu.

Historia yetu yenyewe inatufundisha. Mwaka 1962, Wakonzo na Waamba waliokuwa chini ya ufalme wa Toro walilalamika kwamba hawasikilizwi, wakadai wilaya yao. Mgogoro ule ulidumu miaka mingi, na serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009 tu. Leo, humu humu Kasese, wako Wasongora na Wanyabindi wanaosema kwamba wao nao hawasikilizwi. Anayejua uchungu wa kutosikilizwa ana sababu kubwa zaidi ya kutega sikio.

Huenda ukauliza: je, kusikiliza ni kusahau haki? La. Anayetaka ukweli na haki kwa ajili ya marehemu wake ana haki ya kuendelea kudai. Kumsikiliza jirani hakufuti dai hilo. Kunazuia tu watoto wenu wasirithi ugomvi ambao hata hawajui ulianzaje.

Tazama mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku. Maji ya mfereji hayaulizi kabila wala upande. Wa juu akiyafunga, wa chini anakauka. Kwa hiyo hata wasiopendana hulazimika kupangiana zamu. Na maneno pia yana zamu. Ukizungumza peke yako siku zote, shamba la mwenzako linakauka, na njaa yake itafika kwako.

Basi wiki hii, mtafute mtu mmoja mnayetofautiana. Mwambie, "Nataka kujua lililokupata." Kisha nyamaza, usikilize.

Amani iwe nyumbani kwako na kwa jirani yako.

(Muziki wa kufunga.)